Saa Mbili, Ekipe Nzima Kitandani

Wazazi wengi husema mtoto wao halali, halafu ukiwauliza vizuri unagundua alichelewa nusu saa siku ya Pasaka. Hao niwaache na furaha yao. Binti yangu, alipokuwa na miaka saba, alikuwa anaingia kitandani kama mtu anayeingia kazini. Taa ikizimwa, yeye ndiyo kwanza anaanza: kuruka, kuhubiri, kuimba nyimbo za misa kuanzia ya kuingilia hadi ya kutokea, kuuliza kama samaki wa ziwani wanalala, na kama wanalala, nani anawafunika.

Tulikuwa tunakaa Keshero, mtaa mmoja wa Goma, ndani ya parsele moja, yaani kiwanja kimoja, na mwenye nyumba. Nyumba yake na yetu zilishikana, zote za mbao, zimesimamishwa juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkeno ambayo huku kwetu ndiyo udongo. Mtu aliyekaa nyumba ya mbao Goma hahitaji kuelezwa. Ukipiga chafya, jirani anaitika. Ukigombana na mume, kesho yake jirani anakuuliza mlifikia wapi. Sasa kitanda cha binti yangu kiliegemea ukuta, na upande wa pili wa ukuta huohuo kiliegemea kitanda cha mwenye nyumba. Kati yao palikuwa na ubao mmoja, tena mwembamba.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mjane, mtu wa milima ya Masisi, aliyefuga ng'ombe maisha yake yote kabla ya kushuka mjini. Kutoka huko alikuja na kofia, fimbo, na desturi ya kuingia kitandani pamoja na kuku. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi watu wa maneno machache wananitisha, kwa sababu sijui hayo mengine wameyaweka wapi.

Usiku wa kwanza tulipohamia, mzee aligonga ukuta kwa fimbo: ko, ko, ko. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu mwenye akili timamu. Binti yangu akageuka, akapiga ubao kwa kisigino: ko, ko, ko. Mzee akagonga mara mbili, kwa hasira. Na yeye akajibu mara mbili, kwa heshima. Ikawa hivyo kila siku. Mimi nilijifunika shuka mpaka juu ya kichwa kwa aibu, na asubuhi ile ya kwanza mtoto akaniambia, macho mekundu lakini yamejaa furaha, "Mama, ule muzee anajua kucheza!"

Mtoto asiyelala usiku, mchana analipiza kwa watu wote. Wangu alikuwa analia kwa sababu kiatu cha kushoto kimekuja kabla ya cha kulia. Alitafuna kalamu, na siku mbaya alimtafuna mwenye kalamu. Shuleni niliitwa mara nyingi hadi mlinzi wa getini akaacha kuniuliza shida yangu, akawa ananifungulia tu na kunipa pole. Halafu ikatokea ile habari ya kuku. Nilimkuta binti yangu amemshika kuku wa mzee, kuku mweupe anayempenda kuliko wapangaji wake, anamzamisha kichwa ndani ya beseni. Nilipopiga kelele akanijibu bila wasiwasi kwamba anambatiza, kwa sababu Pasaka imekaribia na kuku bado ni mpagani. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alimchukua kuku wake, akampangusa kwa shati lake, akaingia ndani.

Dawa tulijaribu zote. Mama yangu, kwa simu kutoka Butembo, alisema mtoto ana njaa, nimpe uji mzito kabla ya kulala. Nilimpa, akapata nguvu. Mwenye nyumba mwenyewe, kupitia mume wangu, alituma ushauri wa maziwa ya Masisi, yenye mafuta yake yote. Nilimpa, akaruka hadi sahani zikatetemeka kwenye rafu. Mume wangu akasema niache, yeye atamwimbia. Sasa mume wangu ni mtu anayelala hata akiwa amesimama kwenye foleni, Mungu alimpa usingizi wa watu watatu na kumnyima binti yake. Alianza kuimba, na kabla ya kumaliza ubeti wa pili mtoto akaja kunivuta nguo. "Mama, papa amelala. Nimemufunika. Sasa tufanye nini?"

Nacheka ninapoandika, lakini wakati ule sikuwa nacheka. Hiyo ilikuwa nyumba yetu ya tatu tangu tuje Goma. Ya kwanza tuliondolewa kwa maneno ya upole, ya pili kwa maneno yasiyoandikika, na sababu ilikuwa moja, na sababu hiyo ilikuwa imekaa juu ya godoro letu. Nasema kweli, ilikuwa imekaa juu ya godoro. Tulipotoka ile ya pili tulihamisha vitu kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, na yeye akapandishwa juu ya mzigo ili asipotee njiani. Mume wangu na mwenye chukudu walikuwa wanasukuma, mimi nimebeba cherehani kichwani. Tulipofika kwenye kilima akainama, akaniuliza polepole, "Mama, ni mimi?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nyumba ile ilikuwa inavuja. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima anayepewa sababu na serikali. Nyumba ile haikuwahi kuvuja hata tone, na yeye ndiye aliyelala chini ya bati lake akihesabu misumari. Kuanzia siku ile kila mara mwenye nyumba akija mlangoni, hata kama amekuja kuomba kiberiti, binti yangu alikuwa anajificha nyuma ya cherehani yangu.

Basi mwanzoni mwa mwezi mzee alikuja mlangoni, na hakuwa anataka kiberiti. Alivua kofia. Nikajua mambo yameharibika, kwa sababu alikuwa havui kofia hata kwa ajili ya mvua.

"Mama," akasema, "mie niko muzee. Minataka kulala. Mutoto alale, ao mutafute nyumba ingine. Mwisho ya mwezi njo mwisho."

Akavaa kofia, akaondoka. Nyuma ya cherehani, binti yangu alikuwa amesikia yote.

Kesho yake alikuja kijana mmoja kunishonesha jezi. Alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria, na jioni alikuwa kocha wa klabu ya watoto, wavulana kwa wasichana, kwenye uwanja mmoja wa changarawe si mbali na kwetu. Alinikuta nafanya kazi huku nampigia kelele binti yangu, aliyekuwa juu ya tangi la maji akiwabariki wapita njia. Kocha alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama pikipiki mpya.

"Ule mutoto anapandaka vile kila siku?"

"Kila siku. Na usiku halalake."

Hapo akaanza kuongea kama wale wauza dawa wa sokoni wenye kipaza sauti. Akasema mpira unaleta usingizi. Unaleta adabu. Unaleta hamu ya kula, alama nzuri za hesabu, unaondoa kukojoa kitandani na ukaidi wa kila aina. Nikamuuliza kama unaondoa na ukaidi wa waume. Akasema kwa waume bado wanajaribu. Baadaye nikajua ukweli: alikuwa amepungukiwa mchezaji mmoja na wikiendi ile walikuwa wanacheza na watoto wa mtaa wa Lac Vert. Angeniahidi hata umeme usiokatika.

Nilikubali. Sikukubali kwa sababu ya imani, nilikubali kwa sababu mwezi ulikuwa unatembea. Kitu kimoja hakuniambia mpaka siku ya kwanza ya mazoezi. Kabla ya kugusa mpira, watoto wote hukimbia barabarani kwa mistari miwili, wakiimba, kama wanavyofanya watu wazima wa mji huu alfajiri, hadi karibu na ziwa na kurudi. Na kwa sababu ya magari na pikipiki, kila mtoto mdogo anakimbia na mzazi wake.

"Mume wangu atakuja," nikasema.

Mume wangu alikuwa amelala.

Katika mji huu watu wazima wote tunajua kukimbia. Lakini tulijifunza tukiwa na godoro kichwani, hatukujifunza kwa hiari, na hakuna aliyekuwa anaimba. Sasa nilijikuta nyuma ya mstari wa watoto, na kitenge changu, na viatu vya plastiki vya mume wangu, nakimbia bila kufukuzwa na mtu. Kwenye kona ya kwanza nilianza kusali. Kwenye kona ya pili nilisahau maneno ya sala. Wateja wangu waliokuwa wanapita waliniita wakiniuliza nani amekufa. Na mbele, nikasikia sauti ninayoijua, ile iliyotufukuzisha nyumba mbili, imeshika wimbo:

"Mama iko nyuma!"

"Avanse!" wakaitika wote, yaani songa mbele.

"Jasho inamumaliza!"

"Avanse!"

"Fufu ya leo nani atasonga?"

"Avanse!"

Kocha aliniangalia, meno yote nje. Siku ileile alimpa unahodha, na filimbi yake moja, kwa sababu ya sauti. Tangu azaliwe, ile sauti ilikuwa bado haijampatia kitu zaidi ya kuchapwa makofi.

Halafu wakacheza. Uwanja ule ulikuwa umesagwa kutoka makoro, ukianguka unaacha ngozi, na yeye alianguka hadi magoti yakafanana na nyanya. Hakulia hata mara moja. Mtoto aliyeweza kulia nusu siku kwa ajili ya kiatu alisimama, akajipangusa, akaomba mpira. Nilikaa juu ya jiwe, nikamtazama. Sikuwahi kumwona mahali panapomtosha.

Jioni ile alikula fufu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikwenda kuchukua maji, na niliporudi nilimkuta amelala mbele ya sahani, tonge mkononi, samaki mmoja amebaki shavuni. Nilimwita mume wangu. Tulisimama pale wote wawili tunatazama, tunaogopa kupumua. Tulimbeba kama unavyobeba sufuria ya maziwa iliyojaa.

Upande wa pili, saa ya vita ilipofika, mzee akagonga: ko, ko, ko. Nadhani alikuwa amezoea tu. Hakuna aliyejibu. Akagonga tena, polepole, kama anauliza. Asubuhi alinisubiri kwenye bomba.

"Mutoto iko mugonjwa?"

"Apana, muzee. Amelala."

"Amelala," akarudia, kama neno la lugha ya kigeni. Akaenda zake.

Ndani ya muda mfupi mambo yalianza kubadilika nyumbani, na mimi nikaanza kutembea nimenyoosha shingo. Mtoto alikuwa anaamka kabla sijamwita. Viatu vilikuja kwa utaratibu wowote, akavivaa. Mwalimu wake aliniita shuleni, mlinzi akanipa pole yake ya kawaida, na nilipoingia mwalimu akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, niambie ukweli. Munamupatia dawa gani? Niko na wengine watatu." Nilimwambia ni mpira. Hakuniamini. Nafikiri mpaka leo anaamini kuna mzizi ninaouficha.

Halafu ikanyesha. Wiki nzima. Uwanja ukawa bwawa, mazoezi yakasimama, na usingizi ukaondoka kama mgeni aliyeudhiwa. Siku ya pili ya mvua kalamu ilitafunwa. Siku ya tatu mwenye kalamu. Ubao ulianza tena kupigwa kisigino, na fimbo ya mzee ikajibu kwa nguvu ambayo ilinifanya nikumbuke mwezi umebaki na nini. Nilichukua kamba ya kufungia godoro siku za kuhama, ile niliyokuwa nimeificha chini ya kitanda, nikaitundika karibu. Sikumwambia mtu. Lakini binti yangu aliiona.

Sijui kama ni kamba hiyo au ni mvua. Nilichosikia ni kwamba alichukua simu yangu, akamtumia kocha ujumbe wa sauti akimuuliza nahodha anafanya nini kama hakuna uwanja. Kocha, ambaye labda alikuwa amejikinga mvua sehemu na abiria mgongoni, alimjibu bila kufikiri sana: "Kapteni, fanya mazoezi na ekipe ya nyumbani. Na ukumbuke sheria: saa mbili, ekipe nzima kitandani."

Kocha alikuwa anatania. Mwanangu hakuwa anajua kama makocha hutania.

Ekipe, yaani timu, ya nyumbani, kwa hesabu yake, ilikuwa baba, mama, mwenye nyumba na kuku. Kuku aliachwa kwa sababu ya ujeuri. Baba alijaribiwa, akalala kwenye zoezi la kujinyoosha. Mimi nilisema nina kazi. Niliporudi kwenye cherehani nikasikia mlango wa mzee unagongwa, na nikatazama kwenye ufa wa mbao, sindano mdomoni. Alikuwa amesimama mbele ya mzee, filimbi ya kocha shingoni.

"Muzee, simama."

"Mie?"

"Weye. Inua ile fimbo juu. Juu ya kichwa. Sasa teremusha. Tena."

"Mutoto, mie niko muzee."

"Kocha alisema hakuna kunungunika."

Nilimeza mate na nusura nimeze sindano. Mzee alimtazama, halafu akatazama mvua, halafu akainua fimbo juu ya kofia yake, taratibu, kama mtu anayejisalimisha. Akaiteremsha. Akainua tena. Baadaye akaamriwa kukaa juu ya kigoda na kusimama, kukaa na kusimama, mpaka nikasikia magoti yake kutoka nilipokuwa. Nilitoka mbio kwenda kumwondoa mtoto, nikaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kinande cha kwetu na kwa ishara. Mzee alihema. Akaingia, akafunga mlango.

Nikamwambia mume wangu, "Tumekwisha."

Kesho yake mtoto alirudi kwa mzee. Nilimkataza, akaniambia kocha hajakataza. Mvua ilipoacha, alianza kumtembeza mzee kuzunguka parsele, yeye mbele na filimbi, mzee nyuma na fimbo, kuku nyuma yao anafuata bila kualikwa. Na kila jioni, saa mbili ilipokaribia, alizima redio ya baba yake katikati ya habari, akapitia kwa mzee, akapaza sauti mlangoni kama askari wa zamu:

"Muzee, umeshaswaki? Umeshakojoa? Zima taa!"

Sikusikia kamwe mzee anajibu nini. Nilisikia tu taa inazimwa. Na fimbo haikugonga tena ukuta, hata mara moja. Watu wengine wangefurahi. Mimi nilijua maana yake: mzee ameacha kulalamika kwa sababu amekwisha kuamua. Mtu anayekufukuza kesho hana haja ya kukugombeza leo.

Ilipobaki siku ya mwisho, mume wangu alizinduka, na siku hiyo nilikumbuka kwa nini niliolewa naye. Alisema hatuwezi kukaa tunangoja kama magunia. Tutakwenda kuomba msamaha kama watu wenye familia. Na kwetu mtu haendi kuomba msamaha peke yake. Unakwenda na bidoni ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, na unakwenda na msemaji. Msemaji katika ukoo wangu ni mjomba wangu, mtu wa makamo, koti lake moja, ambaye ameomba radhi na kuposa kwa niaba ya watu wote tunaowafahamu. Sifa yake kubwa ni kwamba hotuba yake haina mwisho. Watu wanasamehe ili wakapumzike.

Tulimngoja mchana kutwa. Alikuwa anatoka upande wa Mugunga, mvua ikamshika, akafika giza limeingia, koti limelowa, lakini sauti kavu. Tulivaa nguo za misa. Mume wangu akabeba bidoni. Tukavuka hatua chache za makoro hadi mlangoni kwa mzee, mjomba mbele, anakohoa kile kikohozi chake cha kufungulia.

Mbele ya mlango, juu ya kigoda cha mzee, alikuwa amekaa binti yangu. Filimbi shingoni, kuku mapajani.

"Muzee analala," akasema.

"Mujukuu wangu," mjomba akasema kwa upole wa hatari, "tuko na maneno na ye. Muamushe."

"Apana. Kocha alisema mwenye kulala haamushwe."

"Mimi niko mujomba ya mama yako!"

Akaweka kidole mdomoni. Mjomba wangu, aliyewahi kunyamazisha kikao cha harusi yenye makabila manne, akanyamaza. Na katika kile kimya tukasikia. Kutoka nyuma ya ubao ulitoka mkoromo, mzito, wa raha, wa mtu aliyeshusha mzigo wote alionao. Mume wangu aliinua kichwa kwa heshima, kama fundi anayesikia kazi ya fundi mwenzake.

Mjomba alikuwa amezoea watu kulala katikati ya hotuba yake. Kulala kabla hajaanza, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alijaribu kuisema hotuba kwa kunong'ona, akielekea mlangoni, lakini alipofika kwa babu zetu kumi wa kwanza mtoto akamtazama, akamwonyesha saa kwenye simu yangu. "Babu, saa mbili imefika. Na nyinyi mulale." Tulirudi nyumbani kwa ncha za vidole vya miguu. Niligeuka, nikamkuta nahodha mwenyewe amelala juu ya kigoda, kidevu kwenye manyoya ya kuku. Nilimbeba. Kasiksi tuliiacha imefungwa, na mjomba alilala kwenye mkeka wetu na koti lake na hotuba yake yote ndani.

Asubuhi nilikuwa nimeshafunga godoro. Afadhali kufunga mwenyewe kuliko kufungiwa. Binti yangu alikuwa amevaa sare ya shule, amekaa ndani juu ya godoro lile lililoviringishwa, kama siku ile ya chukudu. Mlango wa mzee ukafunguka. Alitoka bila fimbo, anapiga miayo, akajinyoosha hadi mifupa ikalia, akatuona sisi watatu tumejipanga nje na nguo za misa zilizokunjamana.

Mjomba akakohoa. "Muzee wetu, sisi batoto ba Butembo..."

"Ngoja," mzee akasema. "Nyamaza kwanza. Nimelala." Akamtazama mjomba kama anayetaka ashangae naye. "Tangu muke yangu afe silalake. Minatembea ndani ya nyumba. Minagonga kwa mbao nisikie kama kuko mutu. Sasa nimelala mpaka jua."

Mjomba, kwa mazoea, akafungua tena mdomo. "Ni kwa ile sababu tumekuja kuomba, kuhusu ile maneno ya kuhama..."

"Nyinyi mukitaka, muhame," mzee akasema, tayari anageuka kumtafuta kuku wake. "Mutoto anabakia."

Mume wangu alianza kucheka. Mimi nilikaa kwenye makoro na nguo zangu za misa, nikalia, na mjomba akanipa kitambaa kilicholowa kuliko macho yangu. Nilipoingia ndani nilimkuta binti yangu bado juu ya godoro. Alikuwa amesikia kila kitu, nyumba za mbao hazifichi. Alinitazama, akauliza polepole, vilevile kama siku ile kilimani:

"Mama, ni mimi?"

"Ndiyo," nikamwambia, nikianza kufungua kamba. "Ni weye."

Akashuka ili nifungue vizuri. Kisha akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na upande wa pili wa ukuta mzee akaitika kwamba anakuja.